Kansa ya Koo: Ni Damu au Ni Jiko?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mbulu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Hanang, mara upande wa wakwe wakaanza kusita. Sababu? Bibi yetu na mdogo wake wote walifariki kwa kansa ya koo, ile ambayo chakula kinakwama mpaka hata uji haupiti. "Ule ukoo una ugonjwa," wakasema. Hivi kweli tunairithi?

Wanachuo wenzangu, tuangalie taratibu. Kansa hii, yaani saratani ya umio, ni nyingi katika ukanda unaoanzia Ethiopia na Kenya, unapita Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Inakamata hata vijana wasiofika miaka 30. Na ni kweli, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua yuko kwenye hatari zaidi.

Lakini jeni peke yake haitoshi. Huko Japani na China watu wengi wanarithi jeni ya ALDH2 yenye kasoro. Wakinywa pombe uso unakuwa mwekundu, kwa sababu mwili unashindwa kuvunja sumu inayotokana na pombe hiyo. Wanywaji kati yao hatari ya kansa ya umio inawapanda sana. Asiyekunywa, kasoro hiyo karibu haimwongezei kitu.

Kasoro hiyo kwetu Afrika karibu haipo. Tulichonacho ni baridi ya milimani na chai inayonywewa ikitoka tu jikoni. Mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, ilisema vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 vina uwezekano mkubwa wa kusababisha kansa hii. Kilimanjaro walipopima, watu walikuwa wanaanza kunywa chai ikiwa na nyuzi 70 hivi. Ongeza moshi wa kuni, tumbaku na pombe.

Bibi na mdogo wake walirithi damu moja, sawa. Ila walikulia pia kwenye jiko moja. Wawili kuugua hakuthibitishi kwamba ukoo umebeba ugonjwa.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjomba. Kwetu sasa chai inaachwa ipoe kwanza. Na chakula kikianza kukukwama, wahi hospitali, usingoje.

Wakwe wamesema watarudi mwezi wa 12. Tunasubiri.