Matembezi ya Mafunzo Juu ya Njia ya Reli ya Zamani

Somo la jiografia katika shule ya msingi aghalabu huanza na kwisha ndani ya chumba cha darasa. Mwalimu huandika ubaoni kwamba reli husafirisha mazao na kukuza miji, watoto hunakili, mtihani ukija, huyarudia maneno yale yale. Lakini mtoto huyo akiulizwa kwa nini reli ilipitishwa bonde hili wala si lile, au mji huwaje pindi reli inapoondoka, hana la kujibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi matembezi yaliyoandaliwa vema yanavyomfikisha mtoto kwenye maswali hayo. Mfano tutakaoutumia ni njia ya Otago Central, katika Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, ambako reli iliyofungwa imegeuzwa kuwa njia ya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa farasi.

Historia ya njia yenyewe

Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1879, karibu na mji wa bandari wa Dunedin, ukielekea bara. Nchi ni ya milima na makorongo, hivyo kazi ilikwenda polepole mno. Reli ilifika Middlemarch mwaka 1891, Clyde mwaka 1907, na Cromwell mwaka 1921. Kufikia wakati huo, dhahabu iliyowavuta watu wengi tangu miaka ya 1860 ilikuwa imepungua. Mizigo mikubwa ilikuwa kondoo, sufu na matunda.

Baadaye malori na barabara nzuri viliinyang'anya reli kazi yake. Kipande cha Cromwell kilifungwa mwaka 1980 kwa sababu ya ujenzi wa bwawa la umeme la Clyde, na kipande cha kati ya Clyde na Middlemarch kikafungwa mwaka 1990. Reli ziling'olewa pamoja na mataruma yake. Mwaka 1993 idara ya serikali inayosimamia hifadhi ya mazingira ilikabidhiwa ukanda wote huo wa ardhi. Si wenyeji wote waliolifurahia jambo hilo. Baadhi ya wakulima hawakupenda wageni wapite kando ya mashamba yao. Hata hivyo kazi iliendelea. Madaraja yalitandikwa mbao na kuwekewa vizuizi vya pembeni, njia ikamwagiwa changarawe, na mwaka 2000 ikafunguliwa rasmi. Urefu wake ni kilometa 152.

Ardhi inavyojieleza

Jambo la kwanza ambalo mtembeaji hulihisi miguuni ni kwamba njia haina mwinuko mkali, ingawa milima imemzunguka. Hapa ndipo mwalimu apaswapo kuuliza: kwa nini? Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi, na ndiyo sababu injini moja huweza kuvuta mabehewa mengi. Lakini wepesi huo huo una kasoro yake, kwa maana penye mlima mkali gurudumu huteleza. Kwa hiyo wahandisi walihakikisha kwamba mwinuko wa njia hii hauzidi mita 1 kwa kila mita 50.

Jambo hilo laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Chukua ubao wenye urefu wa sentimita 100, uinue upande mmoja kwa sentimita 2, kisha uweke gololi juu yake. Mtoto ataona kwamba mwinuko ambao macho yake hayautambui, gololi imeutambua. Akishaelewa hilo, mambo mengine yote atakayoyaona njiani yana sababu. Penye kilima, ardhi ilikatwa. Penye bonde, tuta lilijazwa. Na pale ambapo yote mawili hayakutosha, njia ilizungushwa kwa kona ndefu. Katika korongo la Poolburn walilazimika kutoboa mahandaki mawili, kila moja likiwa na urefu wa yapata mita 200, na kujenga daraja lenye kimo cha mita 37. Ndani ya mahandaki hayo hamna taa, na mtembeaji huhitaji tochi. Mtoto aliyepita gizani humo hahitaji kuambiwa kwamba kujenga reli kulikuwa kazi nzito.

Kona nazo zina funzo lake. Karibu na kijiji cha Hyde umejengwa mnara wa kuwakumbuka watu 21 waliokufa tarehe 4 Juni 1943, treni ya abiria ilipoingia kwenye kona kwa mwendo wa kasi kupita kiasi na kuacha reli. Kona hiyo ilikuwa gharama ya kuukwepa mlima, na gharama ya kona ni kupunguza mwendo. Dereva asipoilipa, abiria huilipa.

Miji iliyobaki

Njia hupita Alexandra, Omakau, Oturehua, Wedderburn, Ranfurly, Hyde na vituo vingine, ambavyo vingi ni vijiji vidogo tu. Reli ilipokufa, vijiji hivyo vilipoteza sababu moja kubwa ya kuwapo kwao. Je, njia ya miguu imewarudishia nini? Mpe mtoto hesabu hii: mtu akitembea kilometa 25 kwa siku, atamaliza kilometa 152 kwa siku ngapi? Jibu ni kwamba siku sita hazimtoshi kabisa, kwani zitabaki kilometa mbili. Basi, hata akikaza mwendo amalize siku ya sita, hana budi kulala njiani usiku mara tano, na kula kila siku. Treni ilisimama kituoni dakika chache ikaondoka, mtembeaji hulala. Ndiyo maana majengo kadhaa ya zamani kando ya njia yamekuwa nyumba za wageni na mahali pa kula.

Lakini mwalimu asiifanye habari hii kuwa hadithi ya ushindi mtupu. Njia ya miguu haibebi kondoo wala sufu, na wageni huwa haba wakati wa baridi kali. Watoto waorodheshe kilichopotea na kilichopatikana, kisha wajadili. Wafikiri pia jambo hili: kama ukanda ule ungaliuzwa kipande kipande, kila mwenye shamba akachukua chake, nani angaliweza kuuunganisha tena?

Namna ya kuandaa matembezi

Kwanza, mwalimu aitembee njia peke yake kabla ya kuwapeleka watoto. Achague vituo vitatu tu, na kila kituo kiwe na swali moja. Vituo kumi huchosha miguu na kuchanganya akili.

Pili, kila kundi la watoto lipewe kazi yake: wengine wahesabu hatua, wengine wachore, wengine wazungumze na wazee. Ruhusa ya wazazi, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza visisahauliwe.

Tatu, mwalimu azuie ulimi wake. Jibu lisitolewe kabla watoto hawajaona, hawajapima na hawajabishana.

Nne, siku inayofuata kazi irudi darasani: ramani ichorwe, vipimo vilinganishwe, na maswali yaliyokosa majibu yaandikwe ukutani yasubiri.

Si lazima tusafiri hadi Otago. Kusini mwa Tanzania, reli iliyojengwa kwa ajili ya Mpango wa Karanga baada ya Vita Kuu ya Pili, ikiunganisha Nachingwea na pwani, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na reli zake zikang'olewa. Shule iliyo karibu na mapito yake inayo maktaba iliyo wazi: tuta lipi limebaki, stesheni ilikuwa wapi, wazee wanakumbuka nini. Shule isiyo na reli ya zamani itafute barabara iliyoachwa, mfereji au bwawa. Ila tahadhari moja ni ya lazima: reli inayotumika si mahali pa matembezi, na watoto wasiikanyage kamwe.

Basi mwalimu anayejiandaa kwa kazi hii na aanze na njia iendayo shuleni kwake. Aulize kwa nini imepinda pale ilipopinda, na asiridhike mpaka amepata sababu.