Meli za Vita Zilizozama: Kwa Nini Zisiguswe

Mbele ya Fort Jesus, Mombasa, chini ya maji kuna mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyozama Oktoba 1697. Ilikuwa imetumwa kuisaidia ngome hiyo, iliyozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698.

Kati ya 1977 na 1980, wanaakiolojia wapiga mbizi walichimbua mabaki hayo kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Baadhi ya vitu walivyopata vinaonyeshwa Fort Jesus. Mbao za meli ziliachwa chini, kwa kuwa matope huzikinga dhidi ya viumbe wa baharini wanaotoboa mbao. Zikitolewa bila kutibiwa, hukauka na kupasuka.

Mabaki ya meli yana uhusiano gani na matumbawe? Matumbawe huhitaji kitu kigumu cha kushikilia, na meli ya chuma hutosha. Huko Chuuk, Bahari ya Pasifiki, Marekani ilizamisha zaidi ya meli 40 za Japani Februari 1944. Leo nyingi zimefunikwa na matumbawe, na samaki wamefanya makao humo.

Hata hivyo, meli hizo zilizama na mafuta na mabomu. Chuma kikiliwa na kutu, mafuta huvuja. Mwaka 2001, meli ya mafuta ya Marekani, Mississinewa, iliyozamishwa Ulithi mwaka 1944, ilianza kuvuja baada ya tufani. Mwaka 2003 takriban lita milioni 7 za mafuta zilivutwa kutoka kwenye matangi yake. Huko Chuuk, baruti kutoka kwenye mabaki imetumiwa kuvua samaki. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja mwamba uliochukua miaka mingi kukua.

Kwa wavuvi na wapiga mbizi, mambo ni matatu:

• Usitie nanga juu ya mabaki ya meli wala kwenye matumbawe.

• Usiguse kitu kinachofanana na bomu, hata kikiwa na kutu. Ondoka na uwaarifu polisi au Walinzi wa Pwani.

• Usichukue wala kuuza vitu vya kale. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kiakiolojia kuyaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokiona.