Vichocheo vya Atomu Mojamoja na Suala la Istilahi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vichocheo vya atomu mojamoja za metali vinavyoundwa kwa ajili ya betri za zinki na hewa, na kuonyesha kwamba ufafanuzi wake kwa Kiswahili hutegemea sana istilahi moja.

Katika betri hiyo, zinki hutoa elektroni, nazo hupita katika waya hadi ncha ya pili, ambako oksijeni itokayo hewani huzipokea. Kila molekuli ya oksijeni, pamoja na molekuli mbili za maji, hupokea elektroni nne, zikatokea ioni nne za haidroksidi. Ikipokea mbili tu, hutokea peroksidi, ambayo huharibu kichocheo. Hatua hii huenda polepole. Ndiyo maana huhitaji kichocheo, yaani kitu kiharakishacho mmenyuko pasipo chenyewe kumalizika.

Kichocheo mashuhuri ni platini, lakini ni ghali, na atomu zilizo ndani ya chembe yake hazikutani na oksijeni. Za juu tu ndizo zifanyazo kazi. Zikitenganishwa mojamoja, hakuna inayopotea bure. Mwaka 2011 Zhang Tao na wenzake, nchini China, walieleza kichocheo cha namna hiyo kwa mmenyuko mwingine. Kwa oksijeni, muundo uliochunguzwa sana ni atomu ya chuma iliyoshikwa na atomu nne za nitrojeni ndani ya kaboni, mfano wa chuma kilichomo katika damu yetu. Malighafi yake huchomwa katika joto kali, ambamo atomu za metali huelekea kukusanyika. Nitrojeni ndiyo inayozizuia.

Tatizo la lugha linaanzia hapa. Lugha za Ulaya huuita mmenyuko huu kwa neno lenye maana ya kupunguza. Neno hilo lilizoeleka katika uyeyushaji wa madini, ambamo mawe huondolewa oksijeni. Lakini oksijeni yenyewe itaondolewa oksijeni gani? Mwanafunzi akisoma “upunguzaji wa oksijeni” atadhani gesi inapungua tu, kumbe inapokea. Kinachopungua ni hesabu ya chaji, kwa kuwa elektroni ina chaji hasi.

Kwa hiyo tunapendekeza “upokeaji elektroni”. Istilahi hii ni ndefu kidogo, lakini humwonyesha msomaji tendo lenyewe. Mfasiri na aanze na dhana, ndipo alitafute neno.