Kwa Nini Homa ya Bonde la Ufa Humwua Mmoja na Kumwacha Mwingine?

Babu yangu ni mfugaji kule Garissa. Mvua ikizidi, majirani hushangilia lakini yeye hunyamaza. Hukumbuka mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007, mafuriko yalipoleta mbu wengi pamoja na Homa ya Bonde la Ufa. Zaidi ya watu 100 walifariki hapa Kenya.

"Tulichinja kondoo mmoja, watu wawili," babu husema. "Mimi nikapata homa ya siku tatu tu. Mwenzangu alitapika damu, tukamzika."

Kondoo ni yule yule, virusi ni vile vile. Mbona basi mmoja apone na mwingine afe? Swali hili lilinipeleka maktabani.

Kwanza, tukumbuke kwamba mtu hawezi kuambukizwa makusudi ili achunguzwe. Mgonjwa naye hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshakomaa, na mwanzo wake hakuna aliyeuona. Ndiyo maana wanasayansi huwatumia wanyama.

Kazi hiyo ilianza papa hapa kwetu. Mwaka wa 1930 wana-kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Daubney, Hudson na Garnham walichukua damu ya wagonjwa, wakaipitisha katika chujio linalozuia bakteria, kisha wakawadunga kondoo wazima. Wakaugua vile vile! Basi ikajulikana kuwa chanzo si bakteria, bali ni virusi. Walipopasua mizoga, waliona ini limeharibika vibaya.

Hapo ndipo siri ya kutokwa na damu ilipo. Ini ndilo hutengeneza sehemu kubwa ya kemikali za kugandisha damu. Likiharibika, damu haigandi inavyopasa, ikaanza kuvuja puani, kwenye fizi na tumboni.

Lakini mbona si wote? Panya walitoa dokezo. Panya wa ukoo mmoja wa maabara hufa upesi kwa ugonjwa wa ini, ilhali wa ukoo mwingine, wakipewa virusi hivyo hivyo, husalimika. Kumbe asili ya mwili ina sehemu yake.

Kisha wakaja kima wa Asia waitwao resusi, ambao huugua karibu kama sisi: wengi kidogo, wachache sana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1990, kima 17 waliambukizwa na 3 wakafa. Wale ambao miili yao ilitoa mapema intaferoni, yaani kemikali ya kuzuia virusi visizaane, hawakuugua. Waliochelewa kuitoa, hata kwa saa chache tu, ndio waliozidiwa. Ni kama nyumba inayoungua: ndoo ya kwanza ina thamani kuliko mia za baadaye.

Nilipoyaeleza haya darasani, rafiki yangu aliinua mkono: "Mwalimu, huo si ukatili? Kima ametukosea nini?" Darasa zima likagawanyika. Mimi nasema swali lake ni la haki. Mnyama asitumiwe ovyo, wala asiumizwe pale ambapo chembechembe za mwili zilizokuzwa katika chupa zingetosha. Lakini chupa haina ini, wala haivuji damu. Tena, maarifa haya yanawafaa wanyama wenyewe: chanjo ya mifugo iitwayo Smithburn ilipatikana kwa kupitisha virusi mara nyingi katika ubongo wa panya. Ina dosari, kwani yaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe, ila imeokoa mifugo mingi. Chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu bado haipo.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi wenzangu, mvua kubwa ikinyesha na kondoo wakatupa mimba, msichinje, msiguse damu, mwiteni daktari wa mifugo. Babu alibahatika kwa saa chache tu. Sisi tusingojee bahati.