Sori, Mji Unaokwenda kwa Mwezi

Mwezi ukipevuka juu ya Ghuba ya Karungu, kwenye Ziwa Victoria, baa za Sori hujaa watu ambao siku nyingine hawaonekani mjini baada ya magharibi. Hao ni wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Kazi yao inataka giza: taa huwashwa juu ya maji, wadudu huufuata mwanga, omena huwafuata wadudu, kisha wavu hushushwa. Mbalamwezi ikilimulika ziwa zima, taa hizo hupoteza nguvu. Mitumbwi hulala ufuoni siku kadhaa, na wenyewe hupanda mjini na pesa walizobakisha. Giza likirejea, meza huachiwa walimu, wachuuzi na madereva wa malori.

Ndiyo maana anayeuliza Sori huchangamka siku gani ya wiki hatapata jibu zuri. Mji huu wa Nyatike, upande wa magharibi wa Kaunti ya Migori, karibu kabisa na mpaka wa Homa Bay, hutazama anga kwanza na kalenda ya ukutani baadaye. Nami naamini huwezi kuelewa hoteli zake, soko lake wala vilabu vyake kama hujaelewa usiku wa ziwani.

Karungu, jina la ghuba hii, si jina la jana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walikuwa na kituo cha utawala hapa kabla ya kuhamia nyanda za juu za Kisii. Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alichimba mifupa ya kale kwenye makorongo ya Karungu, wakati ugonjwa wa malale ulikuwa umeyatikisa maisha ya watu wa ufuoni. Eneo hilohilo lilitoa mabaki ya deinotheriamu, mnyama wa jamii ya tembo aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Leo wanaofuata mifupa ni wachache. Wengi huja kufuata samaki.

Soko la kweli huanza alfajiri, kwenye mchanga. Mitumbwi ya omena inapokaribia, akina mama wameshasimama majini hadi magotini, makarai na ndoo mkononi, kila mmoja akijua ni mtumbwi upi atakaoukimbilia. Bei haikai. Usiku ukiwa umetoa samaki wengi, hushuka kabla jua halijapanda. Mitumbwi michache ikirudi na mzigo, hupaa na sauti hupaa nayo. Hapo ndipo utasikia Kijaluo, Kiswahili na Kisuba vikipokezana katika biashara moja, mzee akiitwa jaduong' na mama akiitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Omena wakishanunuliwa hutandazwa juu ya nyavu kuukuu, kwenye mchanga au kwenye mawe. Jua likiwa kali, siku moja hutosha. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo wa kuliwa na watu hugeuka kuwa mzigo wa chakula cha kuku, na bei yake haifidii mkopo. Nimewatazama wanawake wakikimbia kukunja nyavu wingu linapotokea upande wa milima ya Gwassi, na sijaona mbio za haraka kuliko hizo. Vichanja vya kuanikia, vilivyoinuliwa juu ya ardhi, vingeokoa sehemu kubwa ya mali hiyo na kuipunguzia mchanga. Si teknolojia ngumu; ni mbao na wavu. Waliokauka vizuri hupimwa kwa gorogoro, yaani kopo, sokoni, au hutiwa magunia na kupakiwa kwenda Migori, Kisumu na Nairobi.

Mbuta ana safari nyingine. Samaki huyu aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawala fulu, samaki wadogo wa asili, hadi aina nyingi zikatoweka, akawa yeye ndiye utajiri. Wakubwa hufunikwa barafu na kwenda viwandani, minofu ikaishia ng'ambo. Bondo, lile pulizo la tumboni, hununuliwa kwa bei inayozidi nyama yenyewe na hupelekwa China. Mji uliomvua hubaki na wadogo, na vichwa.

Lakini usimhurumie anayekula kichwa. Kichwa cha mbuta kilichochemshwa taratibu kwa nyanya na kitunguu, mafuta yake yakielea juu ya mchuzi, ni chakula ninachokiweka mbele ya mnofu wowote. Katika hoteli za mabati karibu na ufuo hutafuti orodha ya vyakula; mama mwenye jiko hukutajia kilichopo, nawe unachagua wa kukaanga au wa mchuzi. Ngege, yaani tilapia, huja mzima, na mkia wake. Omena huoshwa kwa maji moto, hukaangwa, kisha wapishi wengine huwamalizia kwa maziwa kidogo ili uchungu utulie. Pembeni kuna osuga, ile mboga chungu ambayo haipendi kuharakishwa, au apoth inayoteleza. Ugali mara nyingi ni wa kahawia, wa mtama na muhogo, nao humshibisha mtu anayekwenda kukesha majini. Meza ya saa nne asubuhi hujaa kuliko ya saa saba mchana, kwa sababu waliokesha ndio kwanza wanakula chakula chao cha jioni.

Hapa sheria na ziwa haviendi pamoja. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, na wikendi kuanzia saa nane mchana. Ni ratiba ya mtu wa ofisini. Mvuvi wa omena hushuka kazini asubuhi akiwa na pesa mfukoni, na mlango anaoukuta wazi saa hiyo ni wa chang'aa ya kificho, isiyopimwa na yeyote. Simtetei mlevi. Ila mtu akitaka kulinda afya ya wavuvi, na aanze kwa kuuliza siku yao huishia saa ngapi.

Baa zikifunguliwa kihalali, ohangla na rumba hugombania spika. Benga bado ina heshima yake, hasa ya D. O. Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, si mbali kwa mtumbwi kutoka pwani hii. Alifariki mwaka 2006. Wazee hapa humhesabu kuwa wao, na mpaka hauna la kusema. Mezani utamkuta pia mchimba dhahabu kutoka vitongoji vya Macalder, na mvuvi aliyerudi Migingo, kisiwa kile kidogo cha mabati ambacho Kenya na Uganda zimekuwa zikikizozania. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, kwa hiyo anayemfuata mbuta hufika mpakani upesi.

Kuna jambo ambalo muziki haupaswi kulifunika. Samaki wanapoadimika, baadhi ya wavuvi huwauzia wanawake walio tayari kulala nao. Ufuo mzima wa ziwa unalijua kwa jina la jaboya, na limechangia kueneza virusi vya UKIMWI katika kaunti hizi. Nyakach, kaunti ya Kisumu, wanawake wa kundi moja walisaidiwa kupata mitumbwi yao wenyewe, wakawa wao ndio wanaoajiri mabaharia. Nisingependa kusifu uchangamfu wa Sori bila kusema kwamba wanaouwezesha, yaani wanunuzi, waanikaji na wapishi, wengi wao hawamiliki hata kasia.

Kisha huja Aprili. Kuanzia mwezi huo hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane, na mji husinyaa. Baa hupunguza kreti. Hoteli nyingine huzima jiko moja kati ya mawili, na mama mwenye hoteli hufungua daftari la madeni, maana wateja wake wanaendelea kula. Anaandika kikombe cha chai, sahani ya nyoyo (mahindi na maharagwe), ugali bila samaki. Mabaharia wengine huenda machimboni, wengine hurudi mashambani. Agosti wanaporejea, usiku wa kwanza wa giza huwa na mitumbwi mingi kuliko kawaida, na asubuhi yake kabla ya mtu kufikiria baa hupita kwanza kwa mama, kuulizia ukurasa wake.