Rutere inahama na namba yake

Rutere ni ile sanduku ndogo yenye kuleta Wi-Fi mu nyumba. Wengi wetu tunaifunga na neno la siri, juu jirani asimalize megabaiti zetu. Lakini iko kitu kimoja neno la siri haliwezi kufunga. Kila rutere inatoa namba yake bila kuchoka, na kila telefone inayopita njiani inaweza kuisikia.

Telefone ile inaweza kutuma namba kwa Apple ao Google, pamoja na mahali iliisikia. Makampuni hayo yanaweka yote mu kitabu kikubwa, juu telefone zijue haraka ziko wapi. Mwenye rutere haombwi ruhusa.

Mwaka 2024, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Erik Rye na Dave Levin, walionyesha hatari yake. Ukiuliza kitabu cha Apple juu ya namba moja, kilijibu mahali iko, tena kiliongeza namba za majirani mpaka 400. Hakikuuliza wewe ni nani. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja walipata mahali pa rutere zaidi ya bilioni 2.

Sisi watu wa Kolwezi tunahamishwa sana. Mwaka 2023 Amnesty International iliandika juu ya familia zilizoondolewa hapa juu migodi inapanuka. Familia ikitoka Kingamyambo kwenda Kapata inabeba vitanda, masufuria na rutere. Namba inabaki ileile. Mtu aliyeishika zamani anaweza kuifuata mpaka nyumba mpya. Kwa delege wa sendika aliyetishwa, ao mama aliyekimbia bwana mwenye kumpiga, huo si mchezo.

Tufanye nini? Mwishoni mwa jina la Wi-Fi tuongeze _nomap. Kama inaitwa Nyota, iwe Nyota_nomap. Google inafuata alama hiyo tangu 2011, Apple tangu 2024. Telefone za nyumbani zitaunganishwa upya, ni dakika chache tu. Na mwenye kujificha asibebe rutere ya zamani, atafute ingine.

Katiba yetu, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu, na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari zake. Mu mikutano tunadai mishahara, kofia na dawa. Ndugu wachimbaji, tuulize pia: namba za rutere za mu kambi, nani anazishika, na ya kufanyia nini?