Msosi wa mwanzi juu ya mlima wa mpunga

Jamani, kuna kupanda mlima na kuna kupanda Longji! Hapa ni kijiji cha Ping'an, jimboni Guangxi, kusini mwa China, kwa kabila la Wazhuang. Mlima mzima umechongwa majaruba ya mpunga kama ngazi, kazi iliyoanza enzi za utawala wa Yuan (1271-1368). Trekta haliingii, ni jembe na mgongo. Majaruba mengine ni madogo hivi kwamba chura akiruka mara moja keshavuka.

Msosi sasa! Mchele wa kunata na nyama iliyokaushwa kwa moshi hushindiliwa ndani ya mwanzi, ukachomwa mpaka ganda likawa jeusi, kisha mama mwenye nyumba akaupasua. Harufu yake? Weee! (Nyama ni kitimoto, asiyekula aseme mapema.) Pombe ya mchele nayo ni tamu, ila huiba miguu.

Kupitia mkalimani, mama akanipa ya moyoni. Maji hutoka msitu wa kileleni, hushuka jaruba hadi jaruba. Moja likitelekezwa likakauka, ukingo hupasuka na la chini linaponzeka. Vijana nao wako viwandani Guangdong. Wanawe wawili hurudi Mwaka Mpya wa Kichina tu, wakala, wakaondoka. Majaruba yote analima na shemeji yake.